Kikombe Juu ya Kinu

Siku ya Jumamosi, tukimaliza kufagia kanisa, sisi wanawake tunakaa kwenye ngazi na birika. Hapo kila mutu anasema habari ya chai yake namna mutu anavyosema habari ya ndoa. Mumoja, anayeanika chisense, dagaa wetu, pale ziwani, anasema chai ni bwana yake wa pili, na huyu wa pili halewi. Mwingine anasema kabla ya kikombe cha asubuhi yeye bado si mutu, asisalimiwe. Kuna mama wa Mantapala, kambi ya wakimbizi, anayekuja huku kuuza muhogo. Yeye anasema siku ya kukimbia vita alibeba sufuria moja, na ndani yake majani ya chai yamefungwa katika kitambaa. Watoto walibebwa na wengine. Tunacheka mpaka muke wa muchungaji anatoka kuangalia.

Mimi wakiniuliza, ninasema, "Chai ni mukwe wangu."

Wanacheka pia. Sijawaeleza. Hapa nitaeleza. Sikusoma sana, lakini majina ya wote niko nayo kichwani, hata la mwanamuke aliyeniuzia birika yangu ya kwanza na la mutoto wake aliyekufa. Sitaandika hata moja. Hawa watu wako hai, na mumoja wao anakunywa chai kwangu kila siku.

Binti yangu wa mwisho alipata bwana kule Mantapala. Alikuwa anapeleka samaki kwenye soko lao, na kijana mumoja wa Kongo alikuwa anashona viatu karibu na meza yake. Kijana alikuja kwa yaya wangu, kaka yetu mukubwa, kama inavyopaswa, akamuoa binti. Lakini hapa kwetu kuoa mutoto si kuingia nyumbani. Mukwe na mama-mukwe hawatazamani, hawasemeshani, na mukwe hawezi kula kwa mama-mukwe mpaka siku wazee wamuingize. Siku hiyo wanapika kuku na bukari, ugali wetu, mwanamuke muzee anamushika mukono, anamufunulia sahani moja moja, anamwambia hii sasa ni yako. Kutoka hapo mukwe ni mutoto wa nyumba. Kabla ya hapo, nikimuona njiani ninaingia majanini na kitenge kichwani, hata na magoti haya yangu.

Mwenye kupanga siku ile ni mujomba wa binti, ndiye yaya. Na yaya hakuipanga. Kila nikimukumbusha alisema mukimbizi ni mutu wa kupita, kesho anarudi kwao, tutaingiza nani? Sasa sikiliza. Sisi wenyewe tulizaliwa ng'ambo ileile ya Kongo, Pweto. Mimi nilivuka kuja kuolewa huku, yeye akanifuata na shuka lake begani. Lakini desturi za hapa anazishika kuliko waliozaliwa nazo, kama mutu anavyoshika mutumbwi wa kuazima.

Siku moja mukwe alikuja kuchukua gunia la makala, makaa ya kupikia, na mvua ikamukuta kwangu. Binti yangu alikuwa ameenda kliniki na mutoto wao. Mukwe akasimama kando ya ua, mvua inamupiga. Kuingia hawezi, na mimi kumuita siwezi. Birika ilikuwa inachemka juu ya jiko langu la mbabula. Nikawaza: desturi inasema bukari, inasema mboga. Maji haikuyasema. Maji hata adui hanyimwi, na chai ni nini kama si maji yenye majani? Nikamimina kikombe, nikatia sukari ya kutosha, nikakiweka juu ya kinu kilichokuwa kimegeuzwa chini ya upenu. Nikaingia ndani, nikakohoa.

Alielewa. Alikuja akanywa akiwa amesimama, akakigeuza kikombe juu chini ili nione hakuacha hata tone, akaenda na gunia lake. Juma lile lile nilikuta pakiti ya majani imefungwa kwenye muti wa ua.

Ndivyo tulivyoanza kuongea. Sauti yake sikuwahi kuisikia karibu, lakini nilimujua kuliko nilivyowajua wana wangu wa kiume. Binti yangu akiwa muzima, niliweka sukari nyingi. Mutoto akiwa na homa, niliweka tangawizi, na jioni baba yake alirudi na dawa. Siku niliyosikia amemufokea binti yangu sokoni mbele ya watu, niliipika chai mpaka ikawa nyeusi kama maji ya magome, bila sukari hata punje. Alikunywa yote. Akageuza kikombe. Asubuhi nikamusikia juu ya paa yangu anapiga misumari mahali palipokuwa panavuja, na binti yangu chini anamupokeza bati, anacheka.

Kitu nilichotaka kilikuwa kidogo tu. Nilitaka nikae naye mukeka mumoja kabla sijafa, binti yangu amimine, mujukuu awe katikati, tunywe birika moja tukitazamana.

Mwisho yaya alikubali, baada ya muchungaji kumusemesha sana. Mashangazi wakaja kutoka Mwansabombwe, tukapika tangu alfajiri. Mukwe aliketi uani kwenye mukeka, shati mupya, macho chini. Wazee walikuwa kwenye viti. Mimi nilikaa ndani nyuma ya pazia la mulango, nikingoja niitwe. Binti yangu alikuwa pembeni yangu, ameshika sahani ya kwanza, imefunikwa kwa kitambaa alichokishona mwenyewe.

Sasa yaya ni mupenda chai kuliko sisi wote. Ni mutu wa kusema bila chai mishipa yake inalala. Akasema wazee hawawezi kuanza kazi kubwa na koo kavu, kwanza chai. Nikamimina, vikombe vidogo kwa wazee, kopo kubwa ya bati kwake yeye. Shangazi mumoja akabeba sinia nje. Meza ilikuwa imejaa vyakula. Akaangalia huku na huku, akaona kinu kimegeuzwa chini ya upenu, akaweka sinia juu yake.

Mukwe akainua macho.

Nilimuona kupitia pazia, na nikajua. Lakini kumuita sikuweza. Mudomo wangu kwake ulikuwa bado umefungwa, na ule mukono wa kuufungua ulikuwa wa yaya. Kijana alisimama na heshima yake yote, akaenda kwenye kinu, akachukua kopo iliyokuwa karibu, ile ya yaya, akanywa mpaka mwisho. Kisha akaigeuza juu chini.

Yaya akamuuliza polepole ni nani alimufundisha kunywa pale. Mukwe angeweza kusema alishikwa na kiu. Angeweza kusema kwao ndivyo wanavyofanya. Lakini ni mutu asiyejua uongo, tena alifikiri ananisifu.

"Ni mama mwenyewe," akasema. "Kila nikija ananiwekea hapa."

Mashangazi wakashika midomo. Yaya akageukia pazia. "Dada, huyu anasema kweli?"

"Chai ni maji tu, yaya."

"Ziwa lote hili liko mbele yako," akasema, "na maji uliyoona ya kumupa mukwe ni yale yenye sukari."

Wazee wakacheka. Kama yaya angekasirika tu, tungemuomba musamaha, tungetoa kuku mwingine, yangeisha. Kicheko ndicho kilichotuua, maana mutu aliyechekwa uani kwa wakwe hana tena pa kuketi. Yaya akaona wanacheka, akaendelea. Akasema mutu aliyekwisha kujiingiza haingizwi mara ya pili, sahani zirudi ndani. Mukwe akatoka uani, macho chini. Binti yangu alikuwa nazo bado ndani. Aliiweka ile yake chini, akamufunga mutoto mugongoni, akatoka kwa mulango wa nyuma kumufuata bwana yake. Kuku wale waliliwa na wazee.

Watu wa Mantapala walipoanza kurudi kwao, wao pia wakarudi, Pweto. Binti alikuja kuniaga. Akaniambia, "Mama, wakimuona njiani wanamuuliza kama amekunywa chai." Bwana yake alisimama mbali, kando ya ua, pale aliposimama siku ya mvua. Nikamimina kikombe, sukari mpaka kijiko kikasimama, nikakiweka juu ya kinu, nikaingia ndani, nikakohoa. Nilingoja. Nilipotoka walikuwa wamekwenda, na chai ilikuwa imejaa, mvuke umeisha.

Yaya hakuacha kuja. Kila alasiri alikuja kunywa, na kama jirani akipita alimwambia ukoo wetu sisi, chai iko katika damu. Nilimumiminia. Ningefanya nini? Ni kaka yangu mukubwa.

Mwezi uliopita mama mumoja anayevusha mawese aliniletea pakiti ya majani kutoka ng'ambo. Nikamuuliza nani ameituma. Akasema ni kijana tu pale bandarini, hakutuma neno. Pakiti ilikuwa imefungwa kwa uzi wa kushonea viatu.

Niliipika siku ile ile. Yaya akaja, akasikia harufu, akasema hii si ile ya kila siku, lete hapa. Nikamimina kwenye kopo yake ya bati, nyeusi, bila sukari. Sikumupa mukononi. Nilijifunika kitenge kichwani, nikapita mbele yake nikitazama chini, nikaiweka juu ya kinu. Nikaingia ndani, nikakohoa.

"Dada," akaita. Akaita tena. "Dada, kwani mimi ni mukwe wako?"

Tangu siku ile sijamusemesha. Nilimusikia anaburuta kiti, anasimama, anakunywa kidogo, anatema. Nilipotoka, kopo ilikuwa wima, nusu imejaa.

Kesho yake alikuja tena, kwa sababu hana nyumba nyingine ya kunywa chai. Nikamuwekea palepale.