Bega la Wendell Oakes

Laddie Hruska aligawa barua katika mji wetu wa kando ya ziwa, hapa Ohio, kwa miaka thelathini na mmoja. Theluji imfike magotini au jua limchome utosi, saa nne asubuhi alikuwa anausukuma mlango wa mgahawa wangu akiwa ameshaanza kubishana kabla hajavua kofia. Ubishi wake ulikuwa besiboli, na katika besiboli ni timu yetu ya Wafuachuma, na katika Wafuachuma ni nani abaki kikosini na nani atemwe.

Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema, maana yanayokuja yatakufanya umdhanie hivyo. Wajane wote wa njia yake aliwazolea theluji mlangoni bila kuombwa. Hakuoa. Ndugu yake wa damu alikuwa mmoja tu, mdogo wake Verna, na mume wa Verna, Emmett Tolliver, ndiye aliyekuwa shemeji yake na rafiki yake. Emmett alitoka milima ya West Virginia akaja kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma. Alikuwa mtu wa maneno machache. Misimu kumi na tano walikaa bega kwa bega kwenye viti vya bei rahisi kule juu, Laddie akipiga kelele za watu wawili.

Mwaka wa tisini na moja mnyororo wa winchi ulikatika kiwandani na chuma kikamwangukia Emmett mgongoni. Alipasuliwa mara mbili. Hakurudi kazini tena. Akawa analipwa fidia kila mwezi. Walioilipa fidia hiyo hawakumwamini. Walimtuma mtu akakaa ndani ya gari ng'ambo ya barabara na kamera, akampiga picha Emmett akishusha gunia dogo la viazi. Aliitwa mbele ya meza ya watu watano aeleze habari ya vile viazi. Alieleza, akashinda. Lakini tangu siku hiyo hakubeba kitu chochote nje ya nyumba yake. Ungewaona wanatoka dukani, Verna kajitwika mifuko mikono yote miwili, na Emmett anatembea kando yake mikono mitupu, macho chini. Watu walitazama. Mimi pia nilitazama.

Kisha akaja Wendell Oakes. Wafuachuma walimsajili mrushaji huyo, mtu wa kuwatupia wapigaji mpira, kwa mkataba wa miaka mitano, mkubwa kuliko wote tuliowahi kuusikia. Mwezi wa pili tu wa msimu bega lake likachanika. Na mkataba wa besiboli ukishatiwa saini umetiwa: mtu akivunjika analipwa, akikaa nyumbani analipwa. Mwaka wa kwanza mashabiki walimwonea huruma. Mwaka wa tatu, timu ikiwa mkiani na haina fungu la kusajili mrushaji mwingine, huruma ilikwisha.

"Garasa!" Laddie alikuwa akiniambia huku nikimmiminia kahawa. "Garasa tupu! Kijana Pruitt tumemuuza, mpiga mzuri vile, eti hakuna hela. Hela ziko wapi? Zimelala kitandani kwa Oakes!"

"Bega limechanika, Laddie. Ulitaka arushe kwa meno?"

"Nilitaka awe na haya. Avunje mkataba, aseme jamani sistahili. Mwanamume gani anakula jasho la wenzake?"

Alianza kupiga simu redioni. Kila alasiri kulikuwa na kipindi cha michezo cha Gil Prentiss, na mji mzima ulikisikiliza, kuanzia kwa fundi magari hadi kwa kinyozi. Laddie alikuwa akimaliza barua, anakaa jikoni kwake, anapiga. Gil alimpenda kwa sababu alichekesha. Akambatiza "Posta." Basi mtu akaanza kusimamishwa njiani: "Posta, jana umempasua yule Oakes!" Alitembea kama amevishwa nishani.

Emmett peke yake ndiye aliyemtetea Oakes. Mara nyingi hakusema zaidi ya neno moja. "Aliumia kazini kwao, shemeji. Hakuumia kwenye baa."

"Sasa wewe ni wakili wake?"

"Nasema tu."

Jumapili moja mwanzoni mwa Septemba, wikendi ile ya sikukuu ya wafanyakazi ya huku Marekani, Verna alituita uani kwake. Soseji zilikuwa juu ya jiko la mkaa, na sufuria ya kabichi iliyoviringishiwa nyama, kama mama yao alivyokuwa akipika. Nilikuwapo. Laddie aliwasili na gazeti mkononi, uso unang'aa kama mtu aliyeokota pochi. Gazeti lilikuwa na picha: Wendell Oakes ufukweni, binti yake mdogo kamkalia mabegani.

"Haya, wakili, njoo hapa!" Alilitandaza gazeti juu ya meza, karibu limwage haradali. "Bega bovu hilo? Bega bovu linabeba mtoto? Mpira hauzidi uzito wa chungwa hawezi, mtoto mzima anaweza!"

Emmett aliitazama ile picha kwa muda mrefu. "Nani aliipiga?" aliuliza.

"Itajalisha nini nani aliipiga?"

"Alijua kuwa anapigwa picha?"

"Usinizungushe, Emmett! Jibu. Huyu ni mgonjwa au ni mwongo?"

Verna alisema, "Kaka, kula basi, chakula kinapoa." Alikuwa ameshika mwiko, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona sahani inateleza mezani.

Laddie hakusikia, au alisikia akapita. "Mtu mzima anayelipwa kukaa nyumbani," alisema, "mimi nisingeweza hata kujitazama kwenye kioo."

Emmett alinyanyuka. Kunyanyuka kwake kulichukua muda. Ilibidi aishike meza kwanza. "Toka nyumbani kwangu," alisema, taratibu, kama mtu anayekuomba umpishe njia.

"Kwa sababu ya besiboli? Shemeji, unanifukuza kwa sababu ya besiboli?"

"Toka, Laddie."

Alitoka akicheka, akitutazama sisi wengine tucheke naye. Hakuna aliyecheka.

Lingeishia hapo lingepona. Wangenuniana wiki mbili, Verna angewapatanisha kwa sahani ya chakula. Lakini Jumanne alasiri Laddie alipiga simu redioni. Redio yangu ilikuwa wazi, mgahawa umejaa.

"Posta!" alisema Gil Prentiss. "Umeiona picha?"

"Nimeiona, Gil, na imenifukuzisha nyumbani kwa dada yangu. Shemeji yangu kanitoa nje na soseji sijaonja!"

"Usiniambie! Anamtetea Oakes?"

"Anamtetea kufa. Naye ana mgongo wake, yuko nyumbani mwaka wa sita sasa, hundi inamfuata kitandani. Si unajua, Gil, ndege wafananao huruka pamoja."

Gil alicheka hadi akakohoa. Mgahawa ulicheka. Nami nilicheka, birika la kahawa mkononi, kisha nikanyamaza. Jina hakulitaja, lakini katika mji huu Posta alikuwa na shemeji mmoja tu.

Siku ile ile Emmett alikuwa kwa fundi magari akisubiri breki za gari lake, na redio ilikuwa juu ya rafu. Verna ndiye aliyenisimulia. Emmett alirudi, akaketi kwenye ngazi za nyuma, hakuingia ndani mpaka chakula kikatolewa mezani. Wiki iliyofuata aliandika barua ya kuikataa fidia, akaenda kuomba kazi kwenye yadi ya mbao. Miaka hamsini na minne, vyuma mgongoni. Walimchukua kwa sababu aliwaficha.

Verna alilia, akapiga magoti. Emmett alimjibu neno moja: "Nimechoka kutazamwa."

Yadi ile ilikuwa kwenye njia ya Laddie. Haya aliniambia mwenyewe baadaye. Asubuhi moja ya Novemba aliingia na furushi la barua, akamkuta Emmett anapakia mbao kwenye lori. Baridi ilikuwa kali, mvuke unatoka midomoni, na Emmett jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Kila ubao alioinua alifumba macho.

"Barua," Laddie alisema.

"Weka hapo."

"Shemeji, huo mgongo—"

"Sipo tena kwenye orodha ya majeruhi," Emmett alisema, na hakugeuka. "Kapige simu uwaambie."

Laddie aliweka barua juu ya rundo la mbao, akaondoka. Aliniambia kwamba alifika mpaka getini akasimama, akataka kurudi. Neno la kusema alikuwa nalo tayari kinywani, fupi tu. Kulikuwa na vijana wawili wa yadi wanamtazama, mmoja akamwita, "Posta! Vipi leo, unamtema nani?" Akapunga mkono, akaenda zake.

Siku nyingi za kulisema zilikuwa zimebaki. Alipita kwenye yadi ile kila asubuhi hadi Januari, akiacha barua kwenye kisanduku cha nje.

Mwisho wa Januari miguu ya Emmett ilikufa ganzi katikati ya kazi, akaanguka, ubao juu yake. Alipasuliwa mara ya tatu. Upasuaji ulikwenda vizuri, walisema. Siku ya tisa, anajifunza kutembea koridoni na Verna kamshika kiwiko, damu iliyoganda mguuni ikapanda hadi kwenye mapafu. Alikufa kabla hawajamfikisha kitandani.

Siku ya kumuaga Laddie alikuja na suti nyeusi iliyombana. Alisimama mbele ya jeneza mabega yakimtikisika, kilio kikimtoka kama kikohozi. Verna alimwendea. Nilidhani anakwenda kumkumbatia.

"Usilie hapa," alimwambia, na watu wa safu mbili walisikia. "Kalilie redioni."

Laddie hakupiga tena simu. Gil Prentiss alimtafuta hewani wiki mbili tatu, "Posta, uko wapi?", kisha akapata mchekeshaji mwingine. Msimu ulipoanza, Wafuachuma walimwacha Wendell Oakes na kumlipa miaka yake miwili iliyobaki. Bega halikupona kamwe. Siku hiyo mgahawa wangu ulikuwa kama soko la samaki. Wengine walisema afadhali, wengine wakasema wamechelewa miaka miwili, wengine wakataka meneja naye aondoke. Mtu mmoja akamgeukia Laddie aliyekuwa kwenye kona na mayai yake.

"Posta, sema basi! Si ulikuwa unalitaka hili?"

"Sijui," Laddie alisema. Akalipa, akaacha mayai.

Verna hakumfungulia mlango mwaka mzima na nusu. Theluji ya mlangoni pake ilizolewa kabla hajaamka. Hakuuliza na nani. Halafu vuli moja, mchana wa Jumamosi, alimpigia simu. Kanisa lilikuwa linakusanya nguo za wanaume na yeye hakuweza kulifungua kabati la Emmett peke yake.

Walizikunja nguo, mashati rundo moja, suruali rundo jingine. Masanduku yalipojaa Verna aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Nikuulize kitu kimoja, kaka, na usinidanganye. Siku ile uani, na siku ile redioni. Ulijua unamsema yeye?"

Laddie aliniambia kuwa jibu alilojitayarishia miezi yote hiyo lilikuwa hapana. Kwamba lilikuwa suala la timu, suala la mkataba, ulimi uliteleza. Kila mtu angelikubali, hata padre alishampa kisingizio hicho.

"Nilijua," alisema. "Uani nilijua nusu. Redioni nilijua kabisa. Watu walikuwa wananisubiri niseme kitu."

Verna alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa.

"Nimekusikia," alisema. Hakusema zaidi, na hajasema zaidi hadi leo. Alikwenda jikoni akateleka kahawa, akamimina vikombe viwili. Laddie alikunywa chake akiwa amesimama karibu na mlango, kwa kuwa hakuambiwa akae, kisha akayabeba masanduku moja moja hadi kwenye gari.