Mlango wa Ziwa Ulivyopotea Nikiwa na Mama Mkwe

Wakuu, mlango wa nyumba kuibiwa nimesikia sana. Mlango wa ziwa kupotea nimeuona mwenyewe, na ndani ya mtumbwi nilikuwa na mama mkwe.

Tunakaa kando ya mto Solimões. Mimi huvua usiku: tochi kichwani, mkuki mkononi, kasia polepole kando ya majani. Samaki aina ya tukunare hulala pembeni, ukimmulika anatulia tu. Raha yake, acha.

Chimbo langu la kuvulia lilikuwa Ziwa Macucu, na lilikuwa siri. Shemeji yangu Genivaldo, kaka wa mke wangu, alikuwa analitafuta kwa udi na uvumba.

Kwa hiyo nilikuwa nadanganya. Kila Jumanne namuaga mke wangu Rosilda, "Naenda Ziwa Jacundá." Jacundá iko upande wa pili kabisa wa mto.

Jumanne moja mama mkwe wangu, Zulmira, akasema tunaenda wote. Ningemkatalia vipi?

"Mkeo anajua tunaenda wapi?"

"Nimemwambia, mama."

Akanitazama. "Ngoja, nimesahau kiko changu." Akaingia ndani, akatoka nacho.

Kufika saa tatu tulikuwa na samaki kumi na mmoja. Saba wake.

"We Adelson, unachoma samaki au unachoma maji?"

Ndipo upepo ukaja. Nusu saa tu, ukaisha. Tukageuza kurudi.

Mfereji tulioingilia haupo!

Yale majani yanayoelea ziwani yalikuwa yamesukumwa yote mlangoni. Marefu kunizidi, yamejaa siafu. Kasia halipiti, na ukikanyaga unazama.

Nikapaniki. Nikasukuma mtumbwi kwa nguvu, ukagonga kisiki. Kra! Ubao ukapasuka, maji yakaanza kuingia.

Makoti ya kuelea ninayo mawili. Yalikuwa nyumbani, paka kazalia juu yake.

Mama mkwe akavua kilemba, akakisokomeza kwenye ufa. Akanirushia kibuyu.

"Chota, mwaga."

Nikachota. Nikipumzika kidogo, maji yanafika kwenye vifundo vya miguu. Nikimulika pembeni, macho mekundu ya mamba. Nilihesabu mpaka tisa nikaacha.

Saa saba mikono ilikuwa imekufa ganzi. Nikalia, wakuu. Mwanaume mzima na ndevu zangu.

"Mama, nisamehe. Nilidanganya. Rosilda anajua tuko Jacundá. Watatutafuta kule, huku hakuna mtu atakayekuja. Nimekuua."

Akawasha kiko. Akavuta.

"Chota."

Nikachota. Nilimwogopa yeye kuliko mamba.

Saa kumi alfajiri nikasikia panga likikata majani. Kisha mwanga. Kisha sauti ambayo sikuwahi kufikiri ningeipenda.

"Shem! Kumbe chimbo ndo hili!"

Genivaldo, kaloa jasho, uso umevimba kwa siafu.

"Umejuaje tuko huku?"

"Mama si alimwambia Rosilda wakati mnaondoka? Eti mnaenda Macucu, saa sita ikipita hamjarudi, nije. Nimekata majani masaa matatu mazima!"

Nikamgeukia mama mkwe. Kile kiko!

"Mama, ulijuaje ni Macucu?"

"Marehemu baba yake Rosilda alinidanganya Jacundá hiyohiyo miaka ishirini. Jacundá ina tukunare wewe?"

"Sasa mbona ulijua watakuja, ukaniacha nalia usiku kucha?"

Akakung'uta kiko kwenye ukingo wa mtumbwi.

"Ningekwambia, ungeacha kuchota."

Wakuu, ukienda majini usiku, vaa koti la kuelea, na mtu wa nyumbani ajue ukweli wa unakokwenda. Chimbo utapata lingine.

Siku hizi kabla sijatoka naandika kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni: jina la ziwa na saa ya kurudi. Genivaldo anapita, anasoma, anawahi kabla yangu.

Roho inaniuma kila Jumanne. Na kila Jumanne naandika.