Ua Niliouondoa Koboko

Mwanangu, iko siku moja ya mwaka wa sabini na nne ambayo kila nikiikumbuka nashusha macho, hata nikiwa peke yangu chumbani. Wewe na wenzako mmenijia na simu zenu zenye picha za kale za Arua na Koboko. Mnataka niwaonyeshe wapiga picha wa zamani walisimama wapi, ili nanyi msimame palepale mpige upya, watu waone jinsi mahali petu palivyobadilika. Ni kazi nzuri. Niliwahi kuifanya kabla baba zenu hawajaoa. Nitawaonyesha, miguu yangu bado inanibeba. Lakini kaeni kwanza.

Wakati ule nilikuwa nimetoka sekondari, kijana wa kalamu mfukoni, nikifanya kazi katika studio ya picha mjini Arua. Studio ilikuwa ya Mhindi aliyefukuzwa nchini pamoja na wenzake, kisha ikagawiwa Bwana Ramadhani, mtu wa mjini kwetu, ambaye kamera aliijua kwa kuiona tu. Mhindi yule aliacha sanduku la picha za enzi za Waingereza. Hatukujiuliza ni mali ya nani. Tulizifuta vumbi tukaziita zetu.

Ofisa mmoja wa wilaya akaziona, akazipenda. Sikukuu ya uhuru ilikuwa inakaribia, akataka mahali pale papigwe upya, na picha zitundikwe ukumbini mbili mbili, ya zamani na ya sasa, wageni waone maendeleo. Bwana Ramadhani akanipa kazi hiyo mimi.

Za Arua nilizimaliza upesi: barabara ya soko, posta, mteremko wa kuelekea Ombaci ambao zamani ulikuwa nyasi tupu. Nyinyi pia mtajua utamu wa kazi hii. Unashika picha ya zamani mkononi, unarudi nyuma kidogo, unasogea kushoto, mpaka kona ya ukuta na mgongo wa kilima vikae vilevile alivyoviona yule wa kwanza. Vikikaa, mwili unasisimka. Nilianza kujiona fundi. Nikawa sitaki tena picha inayofanana; nilitaka picha iliyo sawasawa.

Ikabaki moja ya Koboko. Ilionyesha njia ya mchanga, msikiti mdogo wa udongo kwa mbali, na upande wa kulia nyumba ya nyasi. Mlangoni amesimama mwanamke, mkono mmoja ameuweka kwenye mwimo. Nilipanda basi la asubuhi nikiwa na kamera ya miguu mitatu na barua ya ofisi ya wilaya. Ofisi ya saza, yaani ya kaunti, pale Koboko ikanipa askari wa kunisindikiza. Mahali nilipapata bila shida. Msikiti ulikuwa umejengwa kwa matofali, na pale palipokuwa na nyumba ya nyasi palikuwa na nyumba ya mabati. Lakini mbele ya nyumba palisimama ua mrefu wa matete, mpya, bado wa kijani kwenye vifundo. Ulifunika mlango na nusu ya msikiti.

Msichana akatoka kando ya ua. Jina lake Zainabu.

"Kaka, hapa hapana pita," akasema. "Mama iko ndani ya eda."

Huenda wenzako wengine hawajui eda. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa ndani kwa miezi kadhaa, hajipambi, na wanaume wa nje hawamwoni. Kwetu watu wa Koboko na Arua, ambao babu zetu walikuja na jeshi kutoka Sudani, ndugu huja kumjengea ua, ili hata akitoka kuoga au kuanika nguo uwanjani awe amesitirika. Mwanamume akipita karibu hukohoa kwanza. Mimi sikuhitaji kufundishwa. Marehemu mama yangu alikaa eda ya baba nikiwa shuleni, na shangazi alinichapa kofi siku niliyosahau kukohoa.

"Siingii," nikamwambia Zainabu. "Nataka tu kutoa haya matete kidogo. Nikipiga picha narudisha."

"Ngoja mjomba. Iko Lobule kwa shamba. Jioni atarudi na baisikeli."

"Jioni jua itakuwa upande ingine."

Askari akacheka. "Dada, wewe unataka serikali ingoje mjomba yako amalize kulima mihogo?"

Zainabu akaitazama bunduki, akanitazama mimi. "Wewe si ya kwetu?" akaniuliza. "Naona kama wewe iko ya kwetu."

Nikaanza kufungua miguu ya kamera. Akakimbilia ndani kumwambia mama yake asitoke. Tuling'oa vipande vitatu vya ua, tukavilaza chini. Nikajifunika kitambaa cheusi cha kamera.

Kamera zile, mwanangu, zilionyesha dunia kichwa chini. Msikiti ulining'inia, njia ikawa juu kama mbingu, na kila kitu kikakaa sawasawa isipokuwa mlango ulikuwa mtupu. Ndipo alipotokea. Alitoka nyuma ya nyumba, alikokuwa akioga, wakati Zainabu akimtafuta vyumbani. Nywele zake zilikuwa wazi na zilikuwa zikichuruzika maji. Alikuwa anatembea kama mtu aliyezoea kwamba ua upo. Akafika mlangoni, akashika mwimo, akageuka akaona mwanga mahali pasipopaswa kuwa na mwanga.

Nilimwona. Miaka mingi niliwaambia watu kwamba kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Si kweli. Nilimwona vizuri, nikaona pia kwamba amesimama palepale aliposimama yule wa zamani, mkono uleule kwenye mwimo. Nikabonyeza.

Nilirudi Arua nikijiambia kwamba picha pengine imeharibika. Kwenye chumba cha giza, uso wake ulijitokeza polepole ndani ya dawa ya kusafishia picha, macho yameanza kufunguka kwa hofu. Ningeweza kuichana. Bwana Ramadhani akaja nyuma yangu, akashika mdomo. "Kijana, wewe iko hatari!" akasema. Sifa ile ndiyo bei niliyopokea kwa kumuuza yule mama.

Ukumbini picha zote zilitazamwa, lakini umati ulisimama mbele ya ile ya Koboko. Mfanyabiashara mmoja wa Kongo aliwaita wenzake: "Kuja muone! Mutu huyu amerudisha hata mwanamuke mahali yake!" Nilisimama kando nimeweka mikono nyuma, kama ofisa.

Siku ya tatu, mzee mmoja mwembamba aliingia na kanzu ya safari na shali begani. Alikuwa Mzee Khamisi, mjomba wa Zainabu, kaka yake yule mjane. Alizungukia picha zote bila haraka, kisha akaniuliza:

"Wewe ndiye mtoto ya picha?"

"Ndiyo, mzee."

"Mama yako alikaa eda?"

"Alikaa."

"Nani alipiga yeye picha?"

Akazungumza kwa sauti ndogo, maana watu walikuwepo. Mtu wa Koboko aliyefika Arua ameiona picha na kuirudisha nyumbani kwa mdomo. Ndugu za marehemu wanasema mjane amevunja eda, amejitoa mwenyewe apigwe picha kichwa wazi, amemdharau ndugu yao kaburini. Wanataka aondoke kwenye nyumba ile.

"Zainabu iko mtoto, hawasikii neno yake," akasema. "Askari anasema hajui kitu. Wewe kuja Ijumaa. Sema mbele ya wazee, ni mimi nilitoa ua. Maneno hiyo tu. Tena ondoa picha hii sasa."

"Mzee, picha iko ya serikali. Kesho wakubwa wanakuja."

"Na Ijumaa?"

"Nitakuja," nikasema.

Alinitazama, na nadhani alijua. Akavua shali yake, akaitundika juu ya ile picha, akaipanga mikunjo mpaka yule mama asionekane, akatoka kwenda kituo cha basi. Na mimi, mwanangu, nilisubiri avuke barabara. Kisha nikaishusha shali ile, nikaikunja vizuri kama mtu mwenye adabu, nikampa kondakta wa basi la Koboko amrudishie. Picha ikabaki wazi, wakubwa wakaja, wakapiga makofi.

Ijumaa sikwenda. Nilisema nina kazi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa Bwana Ramadhani, niliogopa kuonekana mtu anayeilalamikia serikali katika miaka ambayo watu walipotea kwa maneno madogo kuliko hayo. Hofu ile ilikuwa ya kweli, siwezi kuikana. Lakini wazee wa Koboko hawakuwa serikali. Walikuwa wazee kwenye mkeka, wakingoja neno moja la kijana wa kwao. Niliogopa zaidi wasikie kwamba mtoto wa Kiislamu, tena aliyesoma, ndiye aliyefanya vile. Baadaye nilisikia mjane alihamia kwenye shamba la kaka yake Lobule na mabunda mawili, kabla eda haijaisha, na siku ya kutoka eda upande wa mume haukutuma hata mtu mmoja.

Mwaka wa sabini na tisa vita vilitufikia. Watu wa Arua na Koboko tulimiminika kuvuka mpaka kwenda Kongo na Sudani. Nilivuka upande wa Kongo nikiwa na homa. Kwenye kijiji cha kwanza, akina mama waliotangulia walikuwa wamewasha moto, wanawapa uji wanaofika. Aliyenipa bakuli alikuwa yeye.

Nilimjua mara moja. Uso ule niliuona ukizaliwa ndani ya dawa. Yeye hakunijua, kwa sababu siku ile kichwa changu kilikuwa ndani ya kitambaa cheusi.

"Kunywa pole, iko moto," akasema. "Umeacha nyumba?"

"Nimeacha, mama."

Akacheka kidogo, bila uchungu. "Nyinyi vita imewafukuza. Mimi nilitangulia. Wewe mtoto ya nani?"

Hapo ndipo neno lile la Ijumaa lilinijia tena mpaka kwenye ulimi. Angelisikia. Alikuwa amechuchumaa mbele yangu, anangoja jibu. Nikamtajia jina la mtu mwingine, nikamwambia kwetu ni Inde, mbali na Koboko. Akasema karibu, akaniongeza uji, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Asubuhi tulisukumwa mbele na umati. Aliaga dunia hukohuko Kongo. Zainabu ndiye aliyeniambia, miaka mingi baadaye, siku nilipomwendea hatimaye na kumweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Hayo ulipaswa kumwambia yeye," akaendelea kupepeta mchele wake.

Basi nendeni Koboko mkapige. Lakini mjue kosa langu lilipoanzia. Nilitumwa kuonyesha jinsi mahali palivyobadilika, nami nikayang'oa mabadiliko yenyewe nikayalaza chini, ili mahali pafanane na karatasi. Mkikuta ua, pigeni picha ya ua. Mkikuta duka limeziba kilima, hilo duka ndilo habari. Mwenye nyumba akiwaambia ngoja, ngojeni mpaka jua lihame, na akikataa, rudini na mikono mitupu. Hakuna atakayekosa chakula kwa sababu ya picha isiyopigwa. Na mkimkosea mtu, mwendeeni angali anaweza kuwajibu. Msikubali kulishwa naye huku mmemficha jina lenu.

Mungu awape macho ya kuona, na staha ya kuyafumba inapobidi. Awaweke mbali na sifa ambayo mtu mwingine anailipia. Awafikishe salama, na kila mlango mtakaopigia hodi, watu wake wafurahi kwamba mmekuja.