Walipouliza Kabila Langu

Ndugu zangu, kabla sijaugua nilikuwa mlaji. Asiyeamini amuulize yeyote aliyewahi kula nami sinia moja hapa Guangzhou. Nilinunua nguo za watoto soko la Shisanhang, nikazifunga marobota, nikayapeleka kwa wakala wa mizigo, yakaingia kwenye kontena bandarini Nansha kwenda Dar. Watu waliniita dada wa Kigoma. Kigoma nilifika mtoto, mkimbizi. Nimezaliwa Burundi, na hilo sikumwambia mtu.

Ugonjwa ulinianza mchana kweupe, kwenye ghala la wakala wetu, Ngassa. Ngassa ni Msukuma. Mama Zuhura, mfanyabiashara mwenzangu, ni Mzaramo. Hao ni watani, na ukikaa nao mbavu zitakuuma.

“Msukuma gani hajui mizani? Rudi kwenu ukachunge ng'ombe!”

“Na wewe nenda ngomani, shamba limejaa majani!”

Nilikuwa nacheka. Mama Zuhura akanigeukia. “Na wewe mdogo wangu, kabila gani hasa? Sema, nijue nikutukaneje.”

Koo likafunga. Hewa sikuipata. Mkojo ukanitoka, ukalowesha suruali hadi viatu, mbele ya watu wote.

Swali hilo nililisikia utotoni kule Burundi, kwenye kizuizi cha barabarani. Vijana wenye mapanga walisimamisha gari letu, wakamuuliza baba. Baba alikuwa mtu wa kusema kweli, akawajibu. Wakamshusha. Mama alikuwa wa kabila lao, lakini mimi ni wa kabila la baba, maana kwetu mtoto humfuata baba. Mama akaniziba mdomo kwa kiganja, akabana mpaka meno yakanichana midomo, akaninong'oneza: “Wewe ni bubu. Umesikia? Bubu.” Gari likaruhusiwa. Baba hatukumwona tena.

Tangu siku ile ya ghalani chakula hakikupita. Uji ulirudi kupitia puani. Nilikonda, nywele zikanyonyoka nikichana. Nikifumba macho, namsikia baba akijibu. Mama Zuhura alinichemshia mchaichai, akanisomea dua, akaniuliza kama kuna mtu nimegombana naye. Nikasema ni tumbo tu. Mwisho nikaanguka chooni, akanibeba hospitali yeye mwenyewe.

Walinipitishia kamera kooni. Nilitapika nyongo, machozi yananitoka. Mwanafunzi mmoja wa udaktari, mtoto wa Mombasa, alitutafsiria.

“Daktari anasema koo lako ni zima, dada. Anauliza, kuna kitu unakiogopa?”

“Meiyou,” nikamjibu daktari mwenyewe, kama tunavyoambiwa sokoni mzigo ukiisha. Hakuna.

Daktari hakuniamini. Akaniandikia dawa, akanipangia kuonana na mwenzake wa magonjwa ya akili.

Tukiwa kwenye benchi la nje, Mama Zuhura akanishika mkono. “Mwanangu, unataka nikupeleke kwenu ndani ya sanduku?” Hapo nikamweleza yote. Akalia, akaelewa swali lake la ghalani lilinifanya nini.

“Nisamehe. Kwetu ukimuuliza mtu kabila, unatafuta pa kuanzia kucheka.”

Nilimwonea wivu, sifichi. Ameulizwa kabila maisha yake yote na hajawahi kutafuta mlango wa kukimbilia uko wapi. Kwao si peponi. Kura zikija wanagombana, na siasa imeshawaliza wengi. Lakini hakuna aliyemfundisha mtoto wake kuwa bubu kwa ajili ya kabila.

“Litaje,” akaniambia. “Hapa tuko wawili tu.”

Nikamsogelea sikioni. Nikalitaja. Sauti ilitoka imekwaruza, lakini ilitoka. Mama Zuhura akafikiri kidogo, akajifuta macho kwa mtandio.

“Hao hatuna utani nao. Basi tunaanza leo. Wewe ni mtumwa wangu, inuka ukale!”

Nilikunywa supu vijiko vichache. Ilishuka. Wali ulichelewa sana, lakini nao ulipita.

Namshukuru Mungu, na mwanamke yule, na daktari ambaye hakukubali jibu langu. Dawa bado nameza. Ewe unayeumwa usichoweza kukitaja, nenda hospitali, halafu mtafute mtu mmoja umwambie. Nanyi mnaotaniana makabila, utunzeni utani huo; hamjui mlichonacho. Koo langu limepona. Siku hizi Mama Zuhura anapaza sauti ghalani, ananitania kwa kabila langu, nami nacheka na kumjibu. Kisha nageuka nyuma kuangalia nani mwingine amesikia.