Dume Ambalo Mzee Hakulitazama

Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ilipopita kijijini kwetu Mwamkulu ilitumalizia zizi. Tulibaki na jike mmoja, wa uzao wa wale ng'ombe aliowaswaga mume wangu kutoka Usukumani. Dume hakuna, wala jirani hakuwa na la kutuazima. Na mume wangu kifua kilishamshika, anakohoa mpaka anashika nguzo. Alitaka kitu kimoja tu: jike ashike mimba yeye akiwa hai, zizi lisife naye.

Bwana mifugo akaja na pikipiki kutoka mjini, mtungi kaufunga nyuma kama anapeleka mgonjwa. Anaongea kwa pua, mtu wa redio kabisa: "Mama, humu kuna mbegu za dume bora. Zimeganda, zimelala."

Nikamuuliza, zimelala bila blanketi? Akasema blanketi lipo: zimechanganywa na kiini cha yai na dawa, ndiyo maana barafu haizipasui. Zimo kwenye mirija myembamba kama njiti za fagio. Kazi ipo kwenye kuziamsha. Mrija ukitoka mtungini uende moja kwa moja kwenye maji ya vuguvugu. Ukizubaa nao hewani zinaamka nusu, na ukizirudisha kwenye baridi zinakufa.

Sasa kwetu, dume jipya haliingii zizini mpaka mwenye zizi alisimamishe mlangoni, alitazame, awaambie wazee waliotangulia. Mume wangu akatoa ile sauti yake nzito: "Kijana, dume haliingii kwangu kama mwizi. Nilione."

Kijana akakataa. Mzee akakaa mlangoni, njia hakuna. Wakabishana mpaka maji yangu yakapoa. Mwisho kijana akachoka, akatoa mrija. Mzee akaugeuza juani, akataja baba yake, babu yake, na kikohozi katikati. Kijana akaurudisha mtungini, mimi nikapasha maji upya, ndipo akampandisha jike.

Wiki tatu zikapita, jike akaanza kulia, anataka dume: mimba haikushika. Mume wangu alimsikia kutoka kitandani, akageukia ukutani. Jirani yangu, mama wa Kirundi, akaja na maneno yake: "Nirikuambia, dada, ng'ombe hazai na mrija." Siku nyingine ningemuigiza hapohapo mpaka acheke na kujishika mbavu. Siku ile niliendelea kukoroga uji wa mgonjwa.

Bwana mifugo akarudi. Mbegu ile alibakiwa na mrija mmoja. Mzee akaomba nimshike nimpeleke mlangoni pa zizi, nikajua ubishi umerudi. Maji yalikuwa tayari, kijana kashatia kipimajoto chake, ananitazama mimi.

Mzee akaupa mtungi mgongo. Akaangalia kule mbugani, akawaambia wazee wake kwa Kisukuma, taratibu, kwamba kuna dume linaingia, yeye hajaliona, wasimuulize rangi yake. "Lipokeeni hivyohivyo."

Nyuma yake kijana akavuta mrija, ukaingia majini. Akaufuta, akamaliza kazi. Mzee hakugeuka mpaka pikipiki ilipowaka.

Zilipofika zile siku za jike kulia, tulikaa wote wawili nje, tunasikiliza. Mzee alikuwa hali tena chakula, mifupa mitupu. Jike kalala chini, anacheua.

"Hajalia," akasema.

"Kunywa uji wako, unapoa."

Akanywa, akanirudishia kikombe kitupu.