Diski Mbili za Mkurugenzi

Cheo nilijipa mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Fomu ya kwenye intaneti iliuliza jina la kampuni, nikaandika jina la maharagwe tunayokula kila jioni na kuongeza "Limited". Ikauliza kazi yangu, nikaandika Mkurugenzi Mkuu. Ikauliza idadi ya wafanyakazi. Nikahesabu shule nzima na wapishi, mia sita, halafu nikaongeza ng'ombe watatu wa shule.

Mwenzangu wa dawati alikuwa ameketi kando yangu pale saiba, duka la intaneti mjini Machakos, na hakucheka.

"Andika tu sisi ni wanafunzi," alisema.

"Wee, nani atamtumia mwanafunzi CD kutoka ng'ambo?"

"Hii kitu niko na haraka nayo. Andika ukweli."

"Nyamaza, wewe ni mfanyakazi wangu. Nitakufuta kazi."

Nikabofya.

Haraka yake ilikuwa hii. Kaka yake hufanya kazi kwenye kiwanda kimoja Athi River, na mashine fulani ilipotupwa alimwokotea ubao wake wa ndani wa elektroniki, kidude cha ukubwa wa kipande cha mkate, lakini ni kompyuta kamili inayoendeshwa na mfumo wa Linux. Mwenzangu alikikodolea macho likizo nzima. Akakiunganisha na nyaya, maboya mawili ya chupa za plastiki na swichi ya pampu, kiwe mlinzi wa tangi la shule: maji yakipungua kiwashe pampu, yakijaa kiizime. Kwa sasa pampu huwashwa na mtu, na mtu husahau. Leo maji yanamwagika mpaka uwanjani, kesho tunateremka mtoni na mitungi, tukirudi tumechelewa tunapigishwa magoti.

Kilichobaki kilikuwa programu tu. Programu ya kidude kama kile huandikwa kwenye kompyuta ya kawaida, kwa zana za mtengenezaji wa kidude zinazoigeuza iwe kitu ambacho kidude kinaelewa. Tulijaribu kuzivuta mtandaoni pale saiba. Mhudumu aliangalia ukubwa wa faili, akatuangalia sisi, akasema, "Vijana, hii itaisha mkiwa na wajukuu." Laini ilikatika mara mbili, na mara zote mbili faili ikaanza upya. Ndipo nikaona mtengenezaji huzitumia kampuni CD za zana hizo kwa posta, bure. Kampuni, si wanafunzi; ndivyo nilivyosoma mimi. Wiki moja baadaye nilirudi kusoma polepole. Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na sehemu ya shule kuombea CD hizo hizo.

Sikumwambia. Kongamano la sayansi, la shule kuonyesha miradi yao, lilikuwa muhula huo huo, na shuleni kwetu kidato cha nne hawaendi, wanabaki kusoma. Sisi tulikuwa cha tatu. Ilikuwa safari hiyo au basi. Mimi ningeenda kwa sababu ya chakula na wasichana. Yeye alitaka watu wasiomjua waone alichotengeneza. Aliniambia hivyo mara moja tu, akiwa ameangalia dirishani kwa aibu.

Sasa, barua zote za wanafunzi hupitia kwa naibu wa mwalimu mkuu. Anazifungua na kuzisoma, za mapenzi anazisoma mara mbili. Kifurushi kilipofika, kimeandikwa jina langu, Kavisi, cheo changu na sanduku la posta la shule, aliniita wakati wa chai ya saa nne.

"Mkurugenzi! Karibu." Akasimama kabisa, akanivutia kiti. "Habari ya kampuni?"

"Njema, sir. Biashara tu ndiyo ngumu."

Mdomo wangu huo. Mezani kulikuwa na CD mbili kwenye kasha moja, na nakala ya fomu yangu iliyokuja nazo.

"Wafanyakazi mia sita na watatu. Hao watatu ni nani?"

"Ni ng'ombe, sir."

"Kavisi! Unadanganya wazungu kwa jina la shule? Na hizi CD ni za nini? Za uchafu?"

"Ni za pampu ya maji, sir."

Huo ulikuwa ukweli mtupu, na ulisikika kama mzaha wangu mwingine. Mwenzangu, aliyekuwa akisubiri mlangoni, akaingia kueleza. Naibu hakumpa nafasi. "Na wewe ni nani, katibu wake? Toka!"

CD zikapelekwa kwa mwalimu wa kompyuta zikachunguzwe, nami nikapelekwa pamoja nazo. Mwalimu huyo hutufundisha kuvua viatu mlangoni, kufunika mashine kwa vitambaa na kuchapa barua ya kuomba kazi. Aliingiza diski ya kwanza. Kioo kikajaa majina marefu ya mafaili ambayo hajawahi kuyaona. Akabofya moja, halikufunguka. Akabofya lingine. Angeweza kusema hajui. Badala yake aliruka na kuzima umeme wa chumba kizima ukutani.

"Ni virusi! Karibu zimalize mashine zote!"

Akarudisha kasha kwa naibu, na diski ya kwanza ikabaki ndani ya mashine iliyozimwa. Hakuna aliyehesabu.

Ijumaa, vitu haramu huchomwa mbele ya paredi. Siku hiyo zilikuwepo simu mbili, redio na kasha letu.

"Mkurugenzi," naibu akaita, "njoo uage mali ya kampuni."

Nikatoka mbele, nikavua sweta, nikaliinamia lile karai la moto kama niko matangani. Shule nzima ilipasuka kwa kicheko, hata naibu aliuma midomo. Sikuthubutu kuangalia mstari wetu.

Adhabu yangu ikawa kufuta vumbi chumba cha kompyuta. Jumamosi asubuhi nikawasha mashine ile, nikabonyeza kitufe, trei ikatoka na diski ya kwanza. Nilikimbia peku mpaka bwenini.

"Zilikuwa ngapi?" mwenzangu akauliza.

"Mbili. Lakini ya pili lazima ni maelezo tu," nikasema, kana kwamba najua.

Mashine ya mwisho ya chumba cha kompyuta, ile isiyotakiwa na mtu kwa kuwa kibodi yake haina herufi A, mwenzangu alikuwa ameshaiwekea Linux. Baada ya chakula cha mchana, wengine wakiwa mpirani, akaanza kusakinisha. Mistari ikapanda kiooni. Asilimia kumi na mbili. Thelathini. Sijawahi kumsikia akiongea vile: atapaka kasha la kidude rangi gani, atasimama upande gani wa meza, mimi nisimame wapi ili nisiharibu. Hamsini. Sitini na moja.

Ikasimama. Kwa Kiingereza, ikamwomba aweke diski ya pili, kisha abonyeze Enter.

Akabonyeza Enter. Trei ikatoka na diski ile ile ya kwanza, ikarudi, maneno yakawa yale yale. Akabonyeza tena. Kisha akaanza kusoma orodha ya vilivyokuwa kwenye diski ya pili, polepole, kidole kikiwa juu ya kioo. Zana za kawaida zilikuwa zimeshaingia. Sehemu za ubao wake, ule hasa, ndizo zilizochomwa.

Jumatatu mwalimu wa fizikia alitusimamisha nje ya ofisi ya walimu, orodha ya watakaosafiri kesho yake mkononi.

"Mradi wa tangi uko tayari?"

"Haujakamilika, sir," mwenzangu akajibu.

"Kwa nini? Si ulibakisha kidogo?"

Aligeuka akanitazama, akangoja. Mwalimu yule si mbaya. Angesikia yote, fomu, moto, sehemu ya shule niliyoiruka, na pengine angemtafutia jamaa njia ya kwenda hata na kidude kisichofanya kazi. Maneno nilikuwa nayo. Nikafungua mdomo.

"Kampuni imefilisika, sir."

Mwalimu akacheka, kicheko cha kweli, akatikisa kichwa na kupiga mstari juu ya jina la mwenzangu, kisha langu.

Jumanne basi la shule liliondoka na mradi wa sabuni ya mwarobaini. Mwenzangu hakutoka kuliangalia. Alikuwa amemwomba kijana wa dawati la mstari wa mbele wabadilishane nafasi, na mwalimu wa darasa alikubali bila kuuliza sababu.