Sumu Ndani ya Kibuyu cha Chumvi

Nilikuwa na mdomo, siwezi kukana. Likizo ile ya miaka ya hamsini nilirudi nyumbani Samuye kutoka sekondari, kichwa kimejaa kemia. Jioni ya kwanza tu, tukila ugali wa mtama na mlenda, nikatangaza kwamba chumvi imezaliwa na metali inayolipuka ikiguswa na maji, ikaungana na gesi yenye sumu ya kuua mtu.

Baba akaacha kula. Ujanani alikuwa amevuka nyika na wenzake kwa miguu hadi kwenye ziwa la chumvi, akarudi na mzigo begani, na kwetu mwanamume aliyefanya safari ile aliheshimiwa. Miaka hiyo chumvi ilikwisha kuwa ya dukani, Shinyanga mjini, lakini bado aliilinda kana kwamba ameibeba mwenyewe. Mama aliichota kibuyuni kwa ncha za vidole.

"Kwa hiyo miaka yote nawalisha sumu?" Baba akauliza.

Mjomba wangu, kaka yake Mama, alicheka mpaka akapaliwa. Alifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita, na alikuwa amekuja kutusalimu. "Shemeji, nipe mimi huyu. Akishika sururu wiki moja, maneno yatamwisha."

"Dume langu la ng'ombe lilikuwa liende mnadani kwa ajili ya karo," Baba akasema, macho kwangu. "Kesho nionyeshe hiyo sumu. Ukishindwa, unaondoka na mjomba wako."

Nikanywea. Baba hakuwa mtu wa kutania, na mimi shule niliitaka kuliko kitu chochote duniani.

Asubuhi nilimwomba Mjomba tochi yake ndefu ya betri nne. Akanipa huku akinung'unika. Nikapasua betri kuukuu mbili alizokuwa amezitupa, nikachomoa vile vijiti vyeusi vya kaboni, nikaviunganisha na betri nzima na balbu kwa waya wa taa ya baiskeli. Nikavitumbukiza kwenye bakuli la maji, kimoja huku, kingine huku. Baba akavuta kigoda.

"Sodiamu, ile metali, ina elektroni moja ya nje inayoisumbua," nikamweleza. "Klorini, ile gesi, inapungukiwa moja. Huyu anatoa, yule anapokea."

"Anayetoa anapata nini?"

"Utulivu, Baba. Na aliyepokea naye anatulia. Ila hawawi tena walivyokuwa. Wanakuwa ayoni, mmoja ana chaji chanya, mwingine hasi, na wanavutana. Huyu kamshika yule, yule kamshika mwingine, juu, chini, pande zote, mpaka inakuwa punje ya chumvi."

"Na sumu je?"

"Imetulia humo. Lakini klorini ikipokonywa ile elektroni kwa umeme wa betri, sumu inarudi."

"Basi ipokonye," akasema.

Mama akadondosha chumvi kidogo majini, kama ya kuungia mboga. Nikakoroga. Balbu giza. Nikakaza waya, nikapuliza vijiti, nikasali kimoyomoyo. Giza vilevile.

"Sururu ninayo ya akiba," Mjomba akasema.

Jasho lilinitoka hadi kwenye nyayo. Ayoni chache mno kubeba umeme majini! Shuleni tulijaza kwa vijiko, hapa nilipewa ncha ya vidole, nami sikuthubutu kuomba zaidi. Mama alikuwa ananitazama usoni.

"Inataka nyingi, ng'wanawane?" Ndivyo alivyoniita, mwanangu, kwa Kisukuma.

"Nyingi sana, Mama."

Akakiinua kibuyu, akakipindua chote bakulini. Baba aliruka kutoka kwenye kigoda. "We mwanamke! Una wazimu?"

Mama alikigonga kibuyu kitakoni mpaka punje ya mwisho ikatoka.

Nikakoroga. Balbu ikawaka! Nyekundu kwanza, kisha njano, mchana kweupe, na viputo vya hewa vikaanza kupanda kwenye vijiti. Mjomba akasogea karibu. Lakini Baba hakuwa na haja na taa. Nikafunika bakuli kwa kawa, nikangoja, nikafunua kidogo.

"Nusa, Baba. Taratibu."

Huyo, akainama akavuta pumzi mzimamzima. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akarudi nyuma akishika koo, akamwangukia Mjomba. "Lo! Lo! Sumu!" Akanigeukia na macho mekundu, na akaanza kucheka. "Imetoka! Mtoto ameitoa!" Nikarukaruka uani kama ndama, sikuona haya hata chembe.

Dume lilikwenda mnadani, nami nikarudi shuleni. Lakini kwanza tulikula mlenda chapwa mpaka likizo ikaisha, kwani hela ya chumvi nyingine haikuwepo. Baba hakulalamika hata siku moja. Mgeni alipoonja akakunja uso na kuuliza chumvi ya nyumba hii iko wapi, Baba alimega tonge lingine na kumjibu:

"Mama yao ameipeleka shule."